Kikohozi Kabla ya Mlio

Daktari hakuanza jambo lolote bila kujikohoza. Alijikohoza kabla ya kupokea simu, kabla ya kuagiza chai, hata kabla ya kumwambia fundi bomba kwamba bomba linavuja, wakati fundi mwenyewe keshalowa mpaka magotini. Kilikuwa kikohozi kifupi, mhm-hmm, cha mtu anayetaka ukumbi mzima unyamaze. Alikuwa amefundisha darasani miaka mingi kabla hajahamia maabara. Wengine wakiacha kazi huondoka na saa ya ukutani. Yeye aliondoka na kikohozi.

Tena usije ukampelekea mtoto mwenye homa. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu, na kazi yake ilikuwa kusikiliza ubongo wa panya. Ukiieleza kazi hiyo haraka watu hucheka, kwa hiyo tuieleze taratibu. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi, kisha waya mwembamba kuliko unywele unaingizwa kichwani mwake, mpaka kwenye kijisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi, kinachohusika na hofu. Akishapona anawekwa kwenye sanduku. Ncha ya ule waya inanasa umeme mdogo wa seli moja moja, na umeme huo unapitishwa kwenye spika ili seli ikishtuka isikike: ta, ta-ta. Halafu panya anapigiwa mlio mwembamba. Mara ya kwanza seli haina habari nao. Lakini mlio ukifuatwa na umeme miguuni, kwenye nyaya za sakafu, na mara nyingine tena, na tena, basi seli ile ile iliyokuwa bubu inaanza kutatarika mlio ukilia tu, kabla umeme haujafika, kama bisi kwenye sufuria ya moto. Hapo Daktari hutabasamu na kusema, "Amejifunza."

"Umeme wenyewe kidogo tu," huwaambia wageni wanaokunja uso. "Kidogo tu, kama ule unaokushtua ukishika mlango wa gari."

Kulikuwa na panya wengine, safu ya ukutani, ambao hawakupigiwa mlio kabisa. Kwao umeme ulikuja wakati wowote, bila taarifa. Walikuwepo kwa ajili ya kulinganisha tu, na Daktari hakupenda kuwaonyesha wageni. Panya wa mlio, mlio usipolia, walikula, wakajikuna, wakalala. Hawa wa ukutani walijikunyata pembeni kutwa, chakula hawakitaki, na spika yao haikutulia.

Sasa ukatokea mkosi. Seli za panya wa mlio zikaanza kutatarika kabla ya mlio. Si baada, si pamoja, kabla. Kazi yote ilikuwa ya kupima seli inavyoujua mlio, na seli ikishtuka kabla mlio haujalia, hicho unachokipima hukijui. Daktari akabadilisha waya. Akabadilisha spika. Akalaumu umeme wa mjini, akamlaumu fundi wa umeme, na alipokosa wa kulaumu akamgeukia mwenzake, mtafiti aliyekuwa anashughulikia vipimo. Wote humwita Miwani, kwa sababu miwani yake ni kubwa kuliko uso.

"Hivi wewe kichwani mna nini?" alimwambia, na wafagiaji wanasikia.

Miwani aliokota koti lake, akaenda zake. Kesho yake asubuhi alikuja mapema kuliko kawaida, na Daktari alipoingia tu akamwambia, "Daktari, nisaidie kitu kimoja. Toka nje."

"Nitoke nje ya maabara yangu mwenyewe?"

"Toka tu. Nenda kanywe maji."

Alitoka amenuna, akasimama kwenye korido, mlango ukabaki wazi kidogo. Ndani alisikia kiti kikivutwa, kisha kimya. Kisha mlio. Kisha seli, ta-ta-ta, baada ya mlio, kama inavyotakiwa. Miwani akarudia, na mambo yakawa vile vile. Kabla ya mlio spika ilikuwa imetulia kama maji mtungini.

"Haya, rudi," akaita. "Kaa kwenye kiti chako, bonyeza wewe."

Daktari alikaa, akasogeza kiti, akanyoosha mkono kwenye swichi. Mhm-hmm. Spika ikalipuka.

Kidole chake kilikuwa hakijagusa kitu.

"Kohoa tena," alisema Miwani. "Swichi iache."

Mhm-hmm. Bisi zikapasuka. Ndani ya sanduku panya alikuwa amejikunyata, mabega juu, masikio nyuma, hatikisiki hata sharubu. Pale nyaya zilipopita, sponji ya kuzuia sauti ilikuwa imebanduka, na kupitia upenyo ule kikohozi cha Daktari kilikuwa kinaingia kila siku kabla ya kila mlio.

Miwani akavua miwani yake, akaifuta machozi ya kicheko. "Si waya, ndugu yangu. Ni wewe! Mlio wa pili, umeme wa tatu, wa kwanza wewe. Tumekaa hapa miezi tunadhani wanajifunza mlio, kumbe wanamsomea Daktari!"

Hata yeye alicheka. Angefanyaje? Walicheka mpaka mfagiaji akachungulia. Dawa ilikuwa rahisi: sponji mpya, panya wapya, na Daktari afyate kikohozi chake. Alikula kiapo mbele ya sanduku, mkono kifuani. Kuhusu yale maneno ya jana hakuomba radhi. Alimletea Miwani chai, akaiweka karibu naye, akatumaini chai itasema.

Jioni hiyo alirudi nyumbani jua bado lipo, anacheka peke yake njiani, watu wanamwangalia. Alikuwa na kisa cha kusimulia. Alipofika mlangoni akasikia kwamba ndani nako kuna kisa.

Binti yake alikuwa darasa la tatu. Mama yake alimpa jina la Chiriku tangu alipoanza kuongea, kwa kuwa hakuwahi kupumzika. Sasa alikuwa anasimulia mwalimu alivyokalia chaki yenye rangi, na alikuwa anafanya sauti zote: ya mwalimu, ya mwalimu mkuu, ya darasa linalojizuia kucheka. Mama mtu alikuwa hoi. "Mbavu zangu, Chiriku, mbavu zangu!" Daktari alitabasamu, akaweka mkono kwenye kitasa, na kama siku zote, bila kufikiri, akajikohoza.

Kimya.

Sauti ya mwalimu mkuu ilikatika katikati ya neno. Kiti kilisogezwa. Kitabu kikafunguliwa. Redio, ambayo hakujua hata kama ilikuwa inaimba, ilizimwa.

Kimya kile alikuwa anakijua. Alikisikia kila siku akirudi kazini, na alikuwa amekipa jina zuri: heshima. Alijipiga kifua nacho mbele ya wenzake. "Kwangu nikikohoa tu, kila mtu anakaa mahali pake. Na mtoto sijawahi kumpiga hata kofi." Na kweli hakuwahi. Lakini leo alikisikiliza kimya kile kwa masikio ya maabara.

Aliingia. Chiriku alikuwa mezani, kitabu mbele yake, mgongo umenyooka, mabega yamepanda karibu na masikio. "Shikamoo baba." Mabega yale Daktari alikuwa ameyaona asubuhi.

Kila jioni mtoto alimsomea baba yake kwa sauti, ukurasa mmoja, na baba alisahihisha. Ndiyo ilikuwa saa yao. Leo alisema, "Pumzika, hatusomi." Badala ya kuruka kwa furaha, Chiriku alimwangalia mama yake, kama anayeuliza huu nao ni mtego gani.

Daktari akamfuata mkewe jikoni, akasimama kando ya beseni la vyombo.

"Mama Chiriku, hivi mtoto ananiogopa?"

Mkewe hakugeuka. "Umegundua leo?"

"Sijawahi kumgusa."

"Kumgusa hujamgusa." Akasugua sahani ambayo ilikuwa imeshatakata. "Alipokwama kwenye lile neno juzi, ulimwambiaje?"

Alikumbuka vizuri sana. Akaokota kijiko, akakifuta.

"Basi nitasema mimi. Ulimuuliza kichwani mwake mna nini. Ukagonga meza. Halafu ukamwambia panya wako wanashika haraka kuliko yeye."

"Nilikuwa namtania. Kidogo tu."

"Kidogo tu," mkewe alirudia. "Baba Chiriku, mimi mtu mzima ukikohoa nazima redio. Na redio ni yangu, nilikuja nayo."

Nafsi ilimsuta vibaya. Siku zilizofuata ilimsuta kwenye foleni, ilimsuta akifunga viatu. Mtu mwingine angeona haya na kuacha ukali. Yeye aliona haya kweli, hilo tusimnyime, lakini alikuwa mtaalamu, na mtaalamu akiwa na hatia hukimbilia kwenye kile anachokijua. Maabara ilikuwa imepona vipi? Kwa yeye kuacha kukohoa. Basi na nyumba itapona hivyo hivyo.

Alinunua viatu vya soli ya mpira. Kitasa alikitia mafuta. Akawa anarudi nyumbani kama mwizi mstaarabu: anazungusha ufunguo polepole, anaingia kwa ncha za vidole, kikohozi amekibana kooni mpaka macho yanamtoka. Na mwanzoni, jamani, alipata malipo yake. Alimkuta Chiriku anacheza na ufagio. Alimkuta anamfundisha mama yake wimbo wa shule, uso umefunguka, meno yote nje. Ni kweli uso ulifunga mara tu alipomwona, lakini Daktari alikuwa ameshaiba dakika yake, akaenda kuvua koti anajiona baba mwema.

Kikohozi alikiacha. Ulimi aliusahau, ukabaki na kazi yake ile ile. Wiki haikuisha. Ripoti yake ilikuwa imerudishwa na wakubwa, kichwa kinamgonga, akaingia kimya kimya na viatu vyake vya mpira, akamkuta mtoto amesimama juu ya kiti, amevaa tai ya baba yake, anahutubia matakia.

"Shuka hapo! Una akili wewe?"

Ni hayo tu. Hata sauti hakuipandisha sana. Chiriku hakumsikia akifungua mlango wala hakumwona akiingia. Maneno yalimpata mgongoni. Aliteleza, akashika meza, akashuka. Tai aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kitabu chake na kuisukuma upande wa baba yake. Daktari alisema, "Haya, basi, nenda kacheze," lakini mtoto hakuwa na pa kwenda kucheza.

Kuanzia siku hiyo Chiriku alihamisha kiti chake. Alikaa akiutazama mlango. Kifuniko cha sufuria kikianguka, aliruka. Upepo ukisukuma dirisha, aliuliza, "Baba kafika?" na jua lilikuwa bado utosini. Alikula akisikiliza. Visa vya shuleni vikaisha, na alipoulizwa mwalimu kafanya nini leo, alisema hajafanya kitu.

"Zamani alikuwa ananyamaza ukija," mkewe alimwambia, na safari hii aligeuka, akamtazama. "Sasa ananyamaza tangu anatoka shule mpaka anakwenda kulala. Umemfanya nini mwanangu?"

"Nimeacha kukohoa," alisema Daktari. Alilisema kwa fahari, kama mtu anayetaja dawa aliyompa mgonjwa, na fahari ikamfia mdomoni alipoona uso wa mkewe.

Jumamosi moja alirudi mapema, mchana, na akamwona Chiriku kwa mbali. Alikuwa amekaa nje kwenye ngazi ya mlango, mikono magotini, anaitazama njia. Moyo wa Daktari ulipaa. Mtoto anamngoja baba yake! Lini mara ya mwisho? Aliongeza mwendo, akakaa kando yake kwenye ngazi, suruali nzuri na vumbi lote, hakujali.

"Unafanya nini hapa nje, mwanangu?"

"Nakungoja."

Alitaka kucheka, alitaka kulia. "Mimi?"

"Baba, naomba kitu. Lakini usikasirike."

"Sikasiriki. Sema."

Chiriku alisugua goti lake. "Naomba uwe unakohoa."

"Nikohoe?"

"Kama zamani. Mlangoni."

"Kwa nini, mama yangu? Mimi nimeacha kwa ajili yako. Nilijua ukinisikia unaogopa."

"Ndiyo, nilikuwa naogopa." Alilisema kwa upole, kama anayemweleza mtu hesabu iliyo rahisi. "Lakini nilikuwa naogopa ukikohoa tu. Ukiwa hujakohoa, sikuwa naogopa. Sasa hukohoi, kwa hiyo naogopa siku nzima."

Daktari aliwaona akilini panya wa ukutani, wale asiowaonyesha wageni, pembeni mwa sanduku, chakula chao hakijaguswa. Jambo hilo alilifundisha darasani. Alichora ubaoni, kwa chaki, kwamba kinachommaliza mnyama si umeme peke yake, ni umeme usio na taarifa. Kwamba mlio, mbaya jinsi ulivyo, ndio unaompa mnyama ruhusa ya kulala usipolia. Alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote mtaani kwake, na nyumbani kwake alikuwa ameondoa mlio akaacha umeme.

"Nisamehe, Chiriku," alisema. "Nisamehe sana, mwanangu. Nimekosea."

"Haya," alisema Chiriku upesi, jinsi mtoto anavyosema haya kwa mtu anayemwogopa, chochote alichoombwa.

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alisimama, akajipangusa vumbi.

"Ingia ndani," akamwambia. "Funga mlango. Fanya unachofanyaga. Nami nitakuja kama zamani."

Mlango ulifungwa. Daktari alibaki nje, mtu mzima na koti lake, anaogopa kikohozi chake mwenyewe. Alingoja mpaka akasikia mguu wa mtoto ukienda jikoni, na sauti ya mama ikiuliza kitu. Kisha akajikohoza.

Kimya kikaja, kile kile. Alikisikiliza mpaka mwisho, akajilazimisha, kisha akaingia. Chiriku alikuwa mezani na kitabu. Mabega juu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tusome?"

Alisoma vizuri mistari ya kwanza. Kisha akakutana na neno refu. "Wali... walinya... walinyanga..." Akasimama. Hakuliangalia neno tena. Aliuangalia mdomo wa baba yake.

Na maneno yalikuja, usidhani hayakuja. Yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno, yote ya zamani, tayari. Daktari aliuma ulimi kweli kweli, mpaka akasikia maumivu.

"Endelea," alisema. "Neno gumu hilo. Hata mimi lingenitoa jasho."

Chiriku hakuendelea. Alingoja. Kidole kilikuwa kwenye neno, na pumzi ameishika.

"Baba," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, kama anayemkumbusha mtu alichosahau, "bado hujasema."

"Kusema nini?"

"Yale maneno."

Mlangoni mwa jikoni mama yake aliacha kufuta mikono.

"Sisemi," alijibu Daktari.

"Leo?"

Alitaka kuapa kwamba hatasema kamwe. Kiapo kilimfika kooni. Lakini alikuwa amekaa na zile spika miaka mingi mno. Alijua kwamba seli ikishajifunza haifutiki. Unachoweza ni kupiga mlio bila umeme, leo, kesho, kesho kutwa, mpaka juu ya somo la zamani lijengeke jingine jepesi, na siku moja ya hasira inatosha kulibomoa. Kumdanganya mtoto kwa upole kusingempa kitu.

"Leo," alisema. "Na kesho nitakohoa mlangoni, halafu utasikiliza mwenyewe kama nitasema. Na kesho yake pia. Usiniamini upesi."

Chiriku alilifikiria hilo. "Haya," alisema, na safari hii haya yake ilichelewa kidogo. Aliinamia kitabu, akalirudia neno silabi moja moja, na kila baada ya silabi aliinua macho akautazama mdomo wa baba yake.